Ukungu wa Hewani na Ukungu wa Majani: Adui wa Viazi Vyetu

Wakulima wa viazi vya Kizungu katika nchi za baridi, kama vile Kinangop, Molo, Limuru, na miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru, wanayajua maradhi haya vizuri kuliko wanavyolijua jina lake. Shamba limesitawi, majani ni mabichi, na maua yameanza kuchanua. Kisha hufuata siku tatu au nne za manyunyu, na jua halionekani. Siku ya tano mkulima akipita asubuhi huona madoa ya rangi ya kahawia kwenye ncha na kingo za majani, kana kwamba mtu amepita usiku akiyamwagia maji ya moto. Akiligeuza jani, huona upande wa chini, kandokando ya doa, utando mweupe kama unga uliopeperushwa na upepo. Kabla ya wiki mbili kwisha shamba zima limekuwa jeusi, na harufu ya kuoza yasikika hata barabarani.

Ukimwuliza mwenye shamba ni kitu gani kilichoua viazi vyake, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: ukungu. Jibu hili ni la kweli, lakini lina mtego ndani yake, kwa maana Kiswahili hulitumia neno hilo kwa vitu viwili. Uko ukungu wa hewani, ule ufunikao mabonde asubuhi. Tena uko ukungu uotao juu ya mkate uliolala, au juu ya kiatu kilichosahauliwa sandukuni wakati wa mvua. Je, ni upi kati ya hizo mbili uliokula viazi?

Swali hili laweza kuonekana kama swali la watoto. Lakini watu wenye elimu kubwa katika Ulaya walibishana juu yake kwa miaka mingi, na wakati walipokuwa wakibishana watu wapatao milioni moja walikufa. Kwa hiyo yafaa tulichunguze vizuri, maana anayedhani kwamba shamba lake limeuawa na hali ya hewa hukaa na kungoja jua. Bali anayejua kwamba limeuawa na kiumbe chenye uhai hutafuta njia ya kukizuia.

NJAA YA AYALANDI

Maradhi haya yalionekana Marekani katika mwaka 1843, karibu na miji ya New York na Philadelphia. Katikati ya mwaka 1845 yakatokea Ubelgiji, na kabla ya miezi mitatu kwisha yalikuwa yameenea Uholanzi, Ufaransa na Uingereza. Mwezi wa Septemba mwaka huo yakaonekana Ayalandi.

Kisiwa hicho kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 katika hesabu ya mwaka 1841. Wengi wao walikuwa maskini waliokodi vipande vidogo vya ardhi kutoka kwa wenye mashamba makubwa. Kipande kidogo namna hiyo hakiwezi kulisha jamaa kwa nafaka, lakini kwa viazi chaweza. Basi maskini wakala viazi asubuhi, mchana na jioni, na wengi walipanda aina moja tu iliyoitwa Lumper, kwa kuwa ilizaa sana hata katika udongo hafifu. Nasi twajua kwamba kiazi hupandwa kwa kiazi kingine, si kwa mbegu za maua. Kwa hiyo mashamba yote ya Lumper yalikuwa kana kwamba ni mmea mmoja uliorudiwa mara nyingi mno: ugonjwa uwezao kuua mmoja waweza kuua yote.

Mwaka 1845 sehemu kubwa ya mavuno iliharibika. Watu wakala akiba yao, wakauza nguo na mifugo, wakapanda tena kwa matumaini. Mwaka 1846 karibu viazi vyote vikaoza. Jambo lililowavunja moyo zaidi ni hili: viazi vingine vilichimbwa vikiwa vizima machoni, vikawekwa ghalani, na baada ya majuma machache vikawa uji mweusi unaonuka. Kutoka mwaka 1845 mpaka 1852 watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na kwa magonjwa yafuatayo njaa, kama vile homa ya chawa na kuhara. Zaidi ya milioni moja wengine walipanda meli wakahama nchi yao. Hesabu ya mwaka 1851 ilionyesha watu milioni 6 na nusu tu.

Haifai tuwatupie vijidudu lawama yote. Maradhi yale yale yaliingia Ubelgiji na Uskoti, lakini hapana nchi iliyopoteza watu kama Ayalandi. Huko kodi ya ardhi ilidaiwa hata shamba likiwa limeoza, na walioshindwa kulipa walifukuzwa katika nyumba zao. Nafaka na ng'ombe wa nchi hiyo viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa nje, maana wenye njaa hawakuwa na fedha za kuvinunua. Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, Sir Robert Peel, aliagiza mahindi kutoka Marekani. Lakini watu wa Ayalandi hawakuyazoea, vinu vyao havikuweza kuyasaga vizuri, na wengi waliokula unga wake uliopikwa vibaya waliumwa na matumbo. Sisi tulao ugali tangu utoto twaweza kushangaa, lakini chakula kigeni huhitaji mwalimu kama kazi ngeni. Peel alipotoka madarakani mwaka 1846, waliomfuata walibana msaada, nayo njaa ikazidi.

MABISHANO YA WENYE ELIMU

Wakati huo kila mtu alikuwa na shauri lake juu ya asili ya maradhi. Wengine walisema ni umeme uliojaa hewani. Wengine walishitaki mvuke wa magari ya moshi, ambayo yalikuwa kitu kipya. Wengi walisema ni ghadhabu ya Mungu. Serikali ilimtuma mtaalamu mashuhuri wa mimea, Dk. John Lindley, pamoja na wenzake wawili, Lyon Playfair na Robert Kane, waende Ayalandi kuchunguza. Lindley aliamini kwamba mvua na baridi za mwaka ule ziliijaza mimea maji kupita kiasi, ikaoza yenyewe. Ule utando mweupe juu ya majani, alisema, ulikuja baadaye, kama fisi ajavyo kwenye mzoga asiouua yeye. Basi wakawashauri watu waviweke viazi mahali pakavu penye hewa. Watu wakafanya hivyo, na viazi vikaendelea kuoza.

Kulikuwako kasisi mmoja wa kijiji cha King's Cliffe, Uingereza, aliyeitwa Miles Joseph Berkeley, ambaye alitumia wakati wake mwingi kuchunguza kuvu kwa hadubini, yaani chombo cha kuonea vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Rafiki yake wa Ufaransa, Camille Montagne, alikuwa amekwisha kukiona kijimea kile cha utando mweupe na kukipa jina katika mwaka 1845. Mwaka 1846 Berkeley aliandika kwamba utando ule ndio uletao maradhi, wala si matokeo yake. Wengi hawakumsadiki. Siku zile bado haikuwa imethibitika kwamba kiumbe kidogo namna ile chaweza kuua mmea mzima. Louis Pasteur hakuwa ameanza kazi yake juu ya vijidudu.

Ushahidi ulipatikana mwaka 1861 kwa mikono ya Mjerumani Anton de Bary. Yeye alichukua vijimbegu vya utando ule akavitia juu ya mimea mizima, na mingine kama hiyo akaiacha bila kuitia kitu. Ile iliyotiwa vijimbegu iliugua; ile isiyotiwa haikuugua, ingawa hewa na maji vilikuwa sawasawa. Mwaka 1876 akakipa kiumbe hicho jina ambalo wataalamu hulitumia mpaka leo, Phytophthora infestans. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni mharibifu wa mimea.

Hata hivyo Lindley hakuwa amekosa kabisa. Aliona kwamba maradhi huja na maji, na hilo ni kweli. Kosa lake ni kwamba aliiona njia akadhani ameona msafiri. Mvua ni barabara tu. Yuko mwingine apitaye juu yake.

KIUMBE HIKI NI CHA NAMNA GANI?

Kwa muda mrefu wataalamu walikihesabu kiumbe hiki kuwa ni kuvu, kwa sababu kina nyuzi nyembamba kama kuvu na hula kama kuvu. Siku hizi tunajua kwamba si kuvu wa kweli. Kimo katika kabila la viumbe waitwao oomiseti, na jamaa zao wa karibu ni mwani wa kahawia unaotupwa na mawimbi pwani, si uyoga wala hamira. Kuta za chembe za kuvu hujengwa kwa kitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la panzi. Bali kuta za oomiseti zina selulosi, kama zile za mimea.

Labda msomaji atauliza, mkulima atafaidiwa nini na habari hizi za nasaba? Faida yake ni kubwa. Baadhi ya dawa za kuua kuvu hufanya kazi kwa kuzuia kitu ambacho kuvu hujitengenezea mwilini, nacho oomiseti hawakitengenezi kabisa. Dawa hizo zikinyunyizwa juu ya viazi vyenye maradhi haya, ni kama kumwekea panya mtego wa samaki. Mkulima aweza kununua dawa ya kuvu iliyo nzuri, akainyunyiza kwa bidii, na shamba likafa, kwa sababu tu dawa ile haikukusudiwa kwa adui huyu. Ndiyo sababu yapasa kusoma karatasi ya chupa au ya pakiti, na kuhakikisha kwamba imetaja maradhi haya ya viazi.

JINSI KINAVYOSAFIRI

Ule utando mweupe chini ya jani ni msitu wa vijiti vidogo sana, na kila kijiti kimebeba vifuko mfano wa ndimu ndogo. Vifuko thelathini na kitu vikipangwa mstari mmoja, urefu wake ni kama milimita moja. Doa moja tu laweza kutoa maelfu mengi ya vifuko hivi kwa siku, ikiwa hewa ni ya unyevunyevu. Upepo huvichukua, au matone ya mvua huvirusha, mpaka vikaangukia jani jingine, katika shamba lile lile au la jirani.

Hapa ndipo maji yanapofanya kazi yake. Kifuko kikiangukia jani kavu wakati wa jua kali, hukauka na kufa upesi. Lakini kikiangukia jani lenye umande au tone la mvua, na baridi ikiwa ni ya kadiri ya digrii 12 za sentigredi, hufunguka, na ndani yake hutoka vijimbegu kama sita au vinane. Kila kijimbegu kina vimkia viwili, kimoja laini na kimoja chenye vinyweleo, nacho huogelea ndani ya lile tone kama kiluwiluwi ndani ya dimbwi. Baada ya kuogelea kwa muda, hutua juu ya jani, hutupa vimkia vyake, hujivika ukuta, na huchomoza uzi unaotoboa ngozi ya jani. Hewa ikiwa na joto zaidi, kifuko chenyewe chaweza kuchomoza uzi bila kutoa waogeleaji. Kwa hali zote mbili jani lenye maji kwa saa chache tu latosha.

Ndani ya jani, nyuzi hupita kati ya chembe na kuingiza vidole vidogo katika kila chembe ili kunyonya chakula. Siku mbili tatu za kwanza mkulima haoni kitu chochote. Jani ni bichi, na shamba lapendeza. Kati ya siku ya tatu na ya saba doa huonekana, na utando mweupe huota tena. Mzunguko umetimia, nao hurudiwa mara nyingi kabla ya mavuno. Kwa hiyo siku mkulima anapoona doa la kwanza si siku ya kuanza kwa maradhi. Maradhi yalikwisha kuingia zamani.

Vifuko vingine huoshwa na mvua vikashuka ardhini kupitia nyufa za udongo, vikafikia viazi vyenyewe. Kiazi kilichoshikwa, ukikikata, kina rangi ya kutu chini ya ganda. Kisha bakteria huingia mahali pale palipojeruhiwa, na hao ndio waletao harufu mbaya ghalani.

NDUGU ZAKE WAISHIO MAJINI

Kiumbe hiki hakiko peke yake. Jamaa zake wengi huishi katika mito, mabwawa na udongo wenye maji, na wengi wao hawana madhara, bali huozesha majani yaliyoanguka na mizoga ya wadudu, na hivyo kuyasafisha maji. Lakini wako wengine wa kuangaliwa.

Pythium hukaa udongoni na kushambulia miche michanga katika kitalu. Mche huonekana mzima jioni, na asubuhi umelala chini, shina lake limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusana na udongo. Wakulima wengi huyaita maradhi hayo kinyaushi. Dawa yake ya kwanza ni kutomwagilia kitalu maji kupita kiasi na kutosonganisha miche.

Phytophthora cinnamomi huozesha mizizi ya maparachichi, hasa katika udongo usiopitisha maji. Mti hupoteza majani kutoka juu, nao hufa polepole. Kwa kuwa maparachichi sasa ni zao la biashara kubwa katika Kenya, anayepanda mahali panapotuama maji ajue kwamba anamwalika mgeni huyo.

Saprolegnia huota kama pamba juu ya samaki waliojeruhiwa na juu ya mayai ya samaki. Wafugao trauti katika maji baridi huyaondoa mayai yaliyokufa, maana utando huanzia kwenye yai lililokufa na kuwafunika walio hai. Jamaa mwingine, Aphanomyces invadans, huwatia samaki vidonda vibaya. Maradhi hayo yalionekana kwanza Japani mwaka 1971, na katika miaka ya 2006 na 2007 yakaonekana katika samaki wa mto Zambezi na mto Chobe, kusini mwa Afrika.

MRUTUTU NA WEZI WA ZABIBU

Dawa ya kwanza ya kuwazuia oomiseti iligunduliwa kwa bahati, na wagunduzi wenyewe walikuwa wakitafuta dawa ya wezi. Katika mwaka 1878 hivi ugonjwa mwingine wa kabila hili uliingia Ufaransa na kuanza kuua mizabibu. Mwaka 1882 Profesa Pierre Millardet wa Bordeaux alipita katika wilaya ya Médoc akaona jambo la ajabu: mizabibu yote ilikuwa imepukutika majani, ila ile iliyokuwa kando ya barabara. Alipouliza aliambiwa kwamba wenye mashamba, wakiwa wamechoshwa na wapita njia wanaochuma zabibu, waliinyunyiza mizabibu ya barabarani mrututu uliochanganywa na chokaa, ili ionekane kama ina sumu.

Millardet akaenda kujaribu, na mwaka 1885 akatangaza dawa iliyokuja kujulikana ulimwenguni kote kwa jina la mji wake. Namna moja iliyozoeleka ya kuichanganya ni kilo moja ya mrututu, kilo moja ya chokaa, na lita 100 za maji, katika pipa lisilo la chuma, kwa kuwa mrututu huila chuma. Haikupita miaka mingi ikawa inanyunyizwa juu ya viazi pia.

Thamani ya dawa hiyo ilionekana wazi wakati ilipokosekana. Mwaka 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, shaba ya Ujerumani ilitumika kutengenezea silaha, na hapakuwa na mrututu wa kutosha mashambani. Mvua zikanyesha, viazi vikaoza, na baridi ya mwaka ule Wajerumani wengi waliishi kwa kula tanipu ambazo zamani walilisha mifugo.

Ni lazima kuelewa vizuri kwamba dawa ya namna hii ni ngao, si tiba. Hukaa juu ya jani ikingoja, na kijimbegu kikija huuawa kabla ya kutoboa. Iliyonyunyizwa baada ya uzi kuingia ndani haiwezi kuufuata. Baadaye, katika miaka ya 1970, zilipatikana dawa ziingiazo ndani ya mmea, na watu wakadhani vita vimekwisha. Lakini dawa moja ya namna hiyo, iitwayo metalaksili, ilishindwa mwaka 1980 katika Ayalandi na Uholanzi, kwa sababu ilitumiwa peke yake tena na tena, mpaka wakasalia wale wasioweza kudhuriwa nayo, nao ndio waliozaa kizazi kilichofuata. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kubadilisha dawa, na kutorudia namna moja tu.

MARADHI YALIPOINGIA KENYA

Katika Kenya maradhi haya yaliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1941, na baada ya miaka michache yalikuwa yamekwisha kuenea katika nchi jirani. Kabla ya hapo viazi vilipandwa hapa kwa miaka mingi bila kuyajua.

Nchi zetu za juu ziliyapokea vizuri mno. Katika Ulaya baridi kali huua majani yote ya viazi kila mwaka, na adui hubaki katika viazi vichache tu vilivyosahauliwa. Hapa kwetu tuna mvua ndefu na mvua fupi, na katika sehemu nyingi hapana mwezi hata mmoja wa mwaka ambao hakuna viazi vibichi shambani. Mkulima mmoja anapovuna, mwenziwe wa bonde la pili amepanda. Kwa hiyo adui hana haja ya kulala. Huhama tu kutoka kwa Kamau kwenda kwa Mutua, na kutoka viazi kwenda nyanya, maana nyanya nazo ni chakula chake.

Njia moja iliyojaribiwa tangu zamani ni kuzalisha aina zenye nguvu ya kupinga maradhi. Wataalamu wa Uskoti walivichanganya viazi vyetu na viazi-mwitu vya Meksiko, na aina moja iliyoletwa Kenya iliitwa Roslin Eburu. Jina hilo liliunganisha kijiji cha Roslin huko Uskoti na mlima wa Eburru katika Bonde la Ufa. Nguvu iliyotokana na viazi-mwitu hivyo mara nyingi haikudumu, kwa kuwa adui naye hubadilika. Hata hivyo kazi iliendelea katika kituo cha Tigoni, na mwaka 1998 zilitolewa aina mbili, Tigoni na Asante, zenye kustahimili kuliko nyingine. Siku hizi aina ipendwayo sana sokoni ni Shangi, kwa kuwa hukomaa mapema na huiva upesi jikoni. Lakini Shangi hushikwa na maradhi haya kwa urahisi, na aipandaye lazima ajue kwamba amekubali kazi ya kunyunyiza dawa. Wataalamu wa Uganda na wa kituo cha kimataifa cha viazi wamepandikiza katika viazi jeni tatu za viazi-mwitu kwa pamoja, ili adui akivunja mlango mmoja akute mwingine umefungwa. Majaribio ya namna hiyo yamefanywa katika Uganda, na baadaye katika Kenya pia.

YAMPASAYO MKULIMA

Basi, kwa kuwa twamjua msafiri na twaijua njia yake, mambo yafuatayo yaeleweka kwa urahisi.

Kwanza, mbegu safi. Viazi vya mbegu vilivyotoka katika shamba lililougua huleta adui mpaka ndani ya mstari wako. Kikate kimoja kimoja kati ya vile unavyovitilia shaka. Chenye rangi ya kutu usikipande.

Pili, ondoa maotea, yaani viazi vilivyojiotea kutokana na mavuno yaliyopita, na uvifukie chini sana viazi vilivyooza. Chungu ya viazi vibovu kando ya shamba ni ghala la adui.

Tatu, panda kwa nafasi, ili upepo na jua viyakaushe majani mapema asubuhi. Kila saa jani linapokuwa kavu ni saa ambayo kijimbegu hakiwezi kuogelea.

Nne, inua udongo vizuri juu ya mashina, ili mvua isivioshe vijimbegu mpaka kwenye viazi.

Tano, nyunyiza dawa kabla ya madoa kuonekana, hasa mvua zinapoanza kufululiza. Katika Uingereza mwaka 1947 mtaalamu aitwaye Beaumont alionyesha kwamba hatari huja baada ya siku mbili mfululizo ambazo hewa imejaa unyevu na baridi haikushuka chini ya digrii 10. Katika nchi zetu za juu siku kama hizo ni nyingi, basi usingoje. Nyunyiza chini ya majani pia, kwa kuwa utando hukaa huko. Vaa nguo za kukukinga, na ufuate siku zilizoandikwa kati ya kunyunyiza na kuvuna.

Sita, maradhi yakiwa yameingia mwishoni mwa msimu, kata majani na kuyaondoa, kisha ngoja majuma mawili kabla ya kuchimba. Ganda la viazi litakomaa, na vijimbegu vilivyo juu ya udongo vitakuwa vimekufa.

Liko jambo la saba, nalo ni gumu kuliko yote, kwa maana halitegemei mtu mmoja. Mwenye robo eka aliyenyunyiza dawa kwa gharama kubwa aweza kuharibiwa na jirani aliyeacha shamba lake lioze, wala ukuta wala ua hauwezi kuuzuia upepo. Dawa ni ghali, na si kila mtu aweza kununua bomba. Lakini wakulima wa kijiji kimoja waweza kununua bomba moja kwa shirika, kuagiza mbegu safi pamoja, kupanda kwa wakati mmoja, na kupashana habari siku doa la kwanza linapoonekana. Aliyeona doa shambani mwake akalificha kwa haya hajifichii yeye tu. Huwafichia wote adui wao. Waswahili husema kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji kichwa chako.

Kufika hapa msomaji ataona kwamba jibu la yule mkulima wetu lilikuwa na nusu mbili. Ukungu wa hewani huja kwa amri isiyo yetu, na hapana mtu awezaye kuufukuza bondeni. Ukungu wa majani ni kiumbe, kina safari yake, kina mahali pake pa kulala, na kina saa zake za udhaifu. Huo waweza kuzuiwa, na kazi ya kuuzuia huanza kabla haujaonekana.